Magari ya Zimamoto na Hesabu ya Mwaka wa Kumi na Tano



Juma lililopita, baada ya Swala ya Adhuhuri, tulimswalia mzee mmoja wa mtaani kwetu huku mjini, baina ya Feri na Kariakoo. Watoto wake walilibeba jeneza hadi kwenye gari la maiti la msikiti. Dereva akageuza ufunguo. Gari likakohoa mara mbili, likanyamaza. Vijana wakasukuma, halikuitika. Jeneza likakaa juani, na jamaa wa marehemu wakawa wanatutazama sisi wanakamati bila ya kusema neno. Mwishowe kijana mmoja anayechukua samaki Feri alileta kirikuu chake, akakiosha kwa ndoo mbili za maji, akatandika mkeka, tukaenda kumsitiri mzee wetu katika makaburi ya Kinondoni.

Jioni ile kamati ilikutana. Wengine walimlaumu dereva, wengine wakamlaumu fundi. Mweka hazina wetu, ambaye ni mtu mzima kuliko sote, aliwaacha waseme, kisha akanigeukia.

"Katibu, hebu tusomee daftari. Tangu tuliponunua gari hili mwaka 2012, tumeweka shilingi ngapi kwa ajili ya gari litakalofuata?"

Nilipekua kurasa. Nikaona mafuta, matairi, bima, posho ya dereva na fundi wa breki. Fungu alilouliza halikuwamo.

"Hakuna, mzee wangu."

"Hata mwaka mmoja?"

"Hata mwaka mmoja."

"Basi dereva tumwache," akasema.

Nakiri mbele yenu kwamba daftari lile ni la mkono wangu. Siku tuliponunua gari tulisoma dua, tukapiga picha, tukala biriani. Kila aliyechangia alitaka kujua limegharimu kiasi gani. Hakuna aliyeuliza litadumu miaka mingapi, na siku ile litakapochoka tutakuwa na nini mkononi. Mimi, niliyepewa kalamu, nilistahiki kuuliza, nami sikuuliza.

Usiku nilirudi nyumbani kwa kupitia Barabara ya Morogoro, nikapita kituo cha mwendokasi ambacho watu wote wa mji huu wanakiita Fire, kwa sababu ya zimamoto iliyopo pale. Nikajiuliza: ikiwa sisi wenye gari moja, daftari moja na waumini tunaojuana kwa majina tumeshindwa kupanga miaka kumi mbele, hali ikoje kwa mji mzima? Gari letu likigoma, maiti huchelewa kuzikwa, nalo ni jambo zito. Gari la zimamoto likigoma, walio hai hawafikiwi.

Sisi wa huku mjini hatuhitaji kuelezwa. Usiku wa Jumamosi, tarehe 10 Julai 2021, Soko Kuu la Kariakoo liliungua. Jengo lile lilichorwa na Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975, na kwa miaka zaidi ya arubaini lilikuwa tumbo la mji huu. Wengi wetu tulipanda juu ya paa tukautazama wekundu ule, na katika saa chache wapo wafanyabiashara waliopoteza kila walichokuwa nacho, na madeni yao yakabaki. Miaka mitatu baadaye, tarehe 16 Novemba 2024, ghorofa liliporomoka hapo hapo Kariakoo na kuua watu zaidi ya 25. Safari ile hapakuwa na haja ya maji. Palihitajika mitambo ya kuinua zege, misumeno ya kukata nondo, taa za kufanyia kazi usiku kucha, na hewa ya kuwapelekea waliokuwa chini ya kifusi wakiita.

Kila linapotokea jambo kama hili, maneno ya barazani huwa yale yale: magari yamechelewa, magari ni machache, maji yamekwisha. Mara nyingi lawama humwangukia askari aliyekuja na kufanya alichoweza kwa chombo alichopewa. Lakini chombo kile kilipangwa, au hakikupangwa, miaka kumi kabla ya moto kuwaka. Hilo ndilo ninalotaka tulitazame leo kwa utulivu, siku ambayo hakuna kinachoungua.

Kwanza tuelewe gari lenyewe. Gari la zimamoto halizeeki kama daladala. Daladala hupimwa kwa kilomita. Gari la zimamoto laweza kuonesha kilomita chache mno, mtu akadhani ni jipya, kumbe limechoka. Likifika kwenye moto husimama mahali pamoja, injini ikinguruma saa nyingi ili kuendesha pampu, na saa hizo hazionekani kwenye kilomita. Likiwa kituoni nalo halipumziki, kwani tangi lake hukaa limejaa maji mchana na usiku, na tani zile zote huzilemea springi, ekseli na matairi hata kama halijatoka. Likiitwa, hutoka baridi na kutakiwa nguvu zote mara moja. Ongeza hewa ya chumvi ya pwani yetu, ambayo hula bati bila ya kelele. Matairi na mipira ya maji huharibika kwa miaka tu, hata visipotumika sana. Ndiyo maana wenye fani hupima pampu kila mwaka na kuandika saa za injini, wala hawaridhiki na kuona gari linang'aa.

Kwa sababu hiyo, mataifa yaliyozoea jambo hili yameweka umri. Nchini Marekani, taasisi ya kinga ya moto ya NFPA hushauri kwamba gari likipita miaka 15, hata likiwa limetunzwa vizuri, liondolewe mstari wa mbele na kuwekwa kuwa la akiba. Na likipita miaka 25 liachwe kabisa. Miji yetu haina fedha za miji yao, na huenda tukalazimika kulitumia gari muda mrefu zaidi. Hata hivyo, kanuni iliyomo ndani yake haina gharama: kila gari linapoingia, siku yake ya kutoka iandikwe.

Pili, tuitazame hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, mji una magari 20 na kila moja linatumika miaka 20. Mji wenye mpango hununua gari moja kila mwaka. Daima utakuwa na mapya, ya makamo na wazee wachache wa akiba, na bajeti yake haishtuki. Mji usio na mpango hununua yote 20 kwa mkupuo mmoja baada ya msiba mkubwa. Miaka ya mwanzo ni furaha. Ukifika mwaka wa kumi na tano yote yanaugua pamoja, vipuri vinatakiwa vyote kwa pamoja, na hakuna hazina iwezayo kununua 20 tena kwa siku moja. Mji hukaa ukingoja msiba mwingine ndipo ununue mengine.

Au tuseme gari moja linagharimu shilingi milioni 600 nalo litatumika miaka 15. Gharama yake ya kweli ni milioni 40 kila mwaka, mbali na mafuta na matengenezo, na zaidi ya hapo kwa kuwa bei hupanda. Asiyeweka milioni 40 mwaka huu hajaziokoa. Amemwachia deni atakayekuja baada yake. Akiba haiozi, walisema wazee, na pengo la akiba nalo halipotei.

Tatu, kuna suala la chombo cha akiba, na hili watu wa Feri tunalijua kuliko wengi. Pale kivukoni tuna vyombo vya kutuvusha kwenda Kigamboni. Mwaka 2023 MV Magogoni ilipopelekwa Mombasa kufanyiwa ukarabati mkubwa, kila aliyevuka aliiona tofauti. Ukarabati ni lazima. Chombo kisichokarabatiwa huzama. Lakini penye vyombo vya kutosha siku za kawaida tu, siku kimoja kinapokwenda chelezoni foleni hutufunza maana ya akiba. Abiria wa kivukoni anaweza kungoja saa moja akanunua kahawa. Nyumba inayowaka haingoji. Kwa hiyo kituo kinachohitaji magari mawili kinahitaji la tatu ambalo siku nyingi litakaa tu, na anayelitazama gari hilo na kusema "halina kazi" hajaelewa kazi yake.

Sasa tutazame hapa kwetu. Hapo zamani huduma hii ilikuwa mikononi mwa halmashauri. Sheria Namba 14 ya mwaka 2007 ndiyo iliyoleta Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, nalo likawa chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Jambo hilo lina faida yake, kwani mpango wa magari sasa unaweza kuwa mmoja kwa nchi nzima: magari ya aina chache, vipuri vya aina moja, mafundi waliofunzwa aina ile ile. Wanaoendesha mabasi ya abiria wanajua neema ya jambo hilo. Mwenye mabasi kumi ya aina moja hutoa kipuri kwenye lililokufa akalihuisha jingine. Mwenye mabasi kumi ya aina kumi ana mizigo kumi. Gari la zimamoto la msaada, lililokwisha tumika ughaibuni, hupokelewa kwa shukurani, lakini linapokuja bila ya vipuri na bila ya kitabu chake, shukurani hiyo huwa fupi.

Viongozi wetu wametangaza kwamba upo mkopo wa masharti nafuu wa Dola za Marekani milioni 100 kutoka Umoja wa Falme za Kiarabu kwa ajili ya kuliwezesha Jeshi hili, yakiwemo magari 150 ya kuzima moto. Hii ni habari njema, na asiyeshukuru watu hajamshukuru Mola wake. Ila mimi, niliyekwisha aibishwa na daftari langu, nimejifunza swali la kuuliza siku ya furaha. Magari 150 yakija kwa wakati mmoja, yatazeeka kwa wakati mmoja. Je, kuanzia mwaka wa kwanza limewekwa fungu la kuanza kununua mengine kidogo kidogo, ili ukifika mwaka wa kumi na tano tusirudi mlango ule ule tukiomba? Mkopo hulipwa na watoto wetu. Ni haki yao wakute wanacholipia bado kinatembea.

Wala tusidhani fedha peke yake hutosha. Januari 2025, moto mkubwa ulipoteketeza vitongoji vya Los Angeles, mji wa kitajiri katika nchi ya kitajiri, ilibainika kwamba magari ya dharura zaidi ya 100 ya idara ya zimamoto ya mji huo, yakiwemo ya kuzimia moto, yalikuwa yamelala karakanani. Sababu kubwa iliyotajwa ni uhaba wa mafundi, kwani nafasi zao zilikuwa zimepunguzwa. Magari walikuwa nayo; wa kuyatengeneza hawakutosha. Kwa hiyo anayehesabu magari na ahesabu pia mafundi, karakana na rafu ya vipuri. Kijana wa chuo cha ufundi anayefunzwa leo kufungua pampu ya zimamoto ni sehemu ya magari yale 150.

Mpango wa miaka mingi unatakiwa pia kuutazama mji unakoelekea, na siyo ulipotoka. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa wa Dar es Salaam. Ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Katika miaka kumi imeongezeka roho zaidi ya milioni moja. Kariakoo ya nyumba za Kiswahili zenye ukumbi mmoja na ua wa nyuma imekuwa Kariakoo ya maghorofa, bidhaa zimejaa kuanzia chini ya ardhi hadi kwenye ngazi. Gari lililotosha kwa nyumba ya bati halifiki ghorofa ya nane; hapo panatakiwa gari la ngazi ndefu. Na gari la ngazi ndefu haliingii uchochoro uliobanwa na mikokoteni; hapo panatakiwa gari dogo jepesi litakalotangulia. Anayenunua gari la leo anapaswa kuwa na picha ya mtaa wa mwaka 2040, kwani gari hilo litakuwa bado linatumika.

Wenzetu wa fikihi walilitatua jambo hili karne nyingi zilizopita katika mlango wa wakfu. Mtu akiweka nyumba wakfu na kodi yake ikawa ya mayatima, wanazuoni wamesema mapato yaanze kwenye matengenezo ya nyumba yenyewe, ndipo kinachobaki kigawiwe mayatima. Juu juu mtu aweza kuona ni ukatili kumnyima yatima shilingi ili kupaka chokaa ukutani. Lakini nyumba ikianguka, yatima wa mwaka huu amekula na yatima wa miaka ishirini ijayo amedhulumiwa. Gari la zimamoto ni mali ya umma yenye sura hiyo hiyo. Shilingi yake ya kwanza ni ya kulitunza na kulipatia mrithi.

Na kisa cha Nabii Yusuf, alayhi salaam, tunakisoma kwa watoto wetu kila mara. Tunakisimulia kwa uzuri wa sura yake na uvumilivu wake gerezani, na mara nyingi tunaipita haraka sehemu ya ghala. Alipofasiri ndoto ya mfalme hakuishia kutoa habari ya njaa. Aliwapa mpango wa miaka kumi na minne: saba ya kulima na kuhifadhi, saba ya kutumia kwa kipimo. Aliwafundisha kuwa na hadhari wakati mashamba yamejaa, wakati ambao hakuna anayependa kusikia habari za hadhari.

Msomaji ataniuliza: mimi mama wa nyumbani, au mimi mwenye meza ya mitandio Mtaa wa Kongo, nina kauli gani juu ya magari ya Jeshi? Unayo. Katika mkutano wa mtaa na kwa diwani na mbunge wako, usiulize tu "tutaletewa gari lini?" Uliza mambo manne. Magari yanayotuhudumia yana umri gani? Likiharibika, la akiba liko wapi? Mafundi wake ni wangapi? Na kwenye bajeti ya mwaka huu, fungu la kununua yatakayofuata ni kiasi gani? Maswali haya hayamtukani mtu, tena humsaidia kiongozi mwema anayetaka kulitetea fungu hilo mbele ya wanaotaka kulikata.

Kisha tulitazame la upande wetu. Gari zuri kuliko yote duniani halina faida ikiwa kisima cha maji ya kuzimia moto kimefunikwa na meza ya biashara, au njia imezibwa na gari uliloegesha "dakika mbili tu". Wafundisheni watoto namba 114, na muwafundishe kwamba kuipiga kwa mzaha ni kumwibia jirani gari lake. Na usiku kabla ya kulala tuyakumbuke mafunzo ya Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam, ambaye nyumba ilipoungua Madina na watu wakiwamo ndani, aliwahadharisha Maswahaba kwamba moto ni adui, wasiuache ukiwaka wanapolala. Jiko la mkaa, mshumaa na waya uliochunika juu ya kitanda cha mtoto, vyote vimo katika hadhari hiyo. Kila moto usiowaka ni safari moja iliyopunguzwa kwenye umri wa gari.

Ama sisi wa kamati, Ijumaa iliyopita tuliwaeleza waumini ukweli wote, pamoja na kosa la katibu. Gari la maiti linatengenezwa, nalo fundi amesema halina miaka mingi. Katika daftari nimefungua ukurasa mpya wenye kichwa "Gari litakalofuata". Wa kwanza kuweka alikuwa yule kijana wa kirikuu. Aliweka shilingi elfu tano. Mweka hazina alizihesabu mara mbili kama kawaida yake, akaniambia niandike tarehe kwa maandishi ya kusomeka, kwa sababu atakayelisoma daftari hilo huenda asiwe mimi.

Tunamwomba Allah aihifadhi miji yetu, awape nguvu wanaotoka usiku kuwaokoa wengine, na awape viongozi wetu na sisi wenyewe macho ya kuona mbali. Amin.

Wabillahi tawfiq.